Jibu: Filamu ya wanafunzi wanaolinda daraja

Mkuu salama. Umesema mwalimu Mjerumani aliwaonyesha zamani shuleni Moshi, vijana wa shule wanaachwa walinde daraja, jina limekutoka na ukisachi unaletewa filamu za vita nyingine. Hiyo ni Die Brücke (yaani Daraja), filamu ya Kijerumani iliyoongozwa na Bernhard Wicki. Cheki mwaka kwanza, iwe 1959 na haina rangi, maana ipo ya 2008 ya rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya TV na kwangu mimi haigusi kama ile.

Ukitaka uhakika muangalie Sigi, yule mdogo kuliko wote, wenzake walishamcheka kwa woga sasa ndege inakuja anagoma kulala chini na anakufa wa kwanza. Pale ndo mchezo unaisha, mpaka hapo walikuwa wanaona bunduki ni raha tu. Wako saba, April 1945, Vita Kuu ya Pili inaelekea mwisho, siku moja tu jeshini, halafu wanajeshi wao wenyewe wa Kijerumani wanakuja kulipua lile daraja! Inauma sana aisee. Mdogo wangu hapa mtaani Sakina, Arusha, nilimwekea, ana miaka 16 kama wao, alikaa kimya mpaka mwisho.

Tafuta yenye sabutaito, wanaongea Kijerumani karibu mwanzo mwisho.