Kompyuta nzito, flashi imejaa shotikati

SUALI: Asalaam aleikum. Niko Wete, kompyuta yangu ya Windows 10 imekuwa nzito, feni inavuma, na flashi kila ikirudi steshenari mafaili yanageuka shotikati. Niifomati?

JAWABU: Waalaikumu salaam ndugu yangu. Usifomati mwanzo. Hizo shotikati ni kirusi, mafaili yako mara nyingi yamo humohumo yamefichwa tu, kwa hiyo usizibonyeze, fungua Defender, antivairasi iliyokuja na Windows yenyewe, iapdeti, iskani flashi yote, ndo ufungue flashi, uende kwenye View juu ya dirisha la mafaili utie tiki Hidden items, huenda ukayaona. Siku nyengine ukenda kuprinti chukua kopi tu, kazi yenyewe ibaki nyumbani. Na hizi antivairasi mbilimbili watu wanazorundika mie sizipendi, zinagombana wenyewe mashine ndo inazidi kuchoka. Feni, zima mashine kwanza uipige brashi laini, huku kwetu vumbi likishikana na hewa ya chumvi linaganda.

Ila kubwa hiyo Windows 10, Microsoft washaacha huduma yake ya kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, basi tizama kama mashine inakubali 11, ikikataa kuna Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni bure. Kabla hujabadilisha mfumo kopi picha na kazi zako kwenye hadi diski ya nje, ukimaliza ichomoe.