Andika kangaga limeota juu ya nini

Kangaga la kwanza nililolikausha vizuri, liwe kielelezo cha kuhifadhi, halimsaidii mtu leo. Rangi imebaki, vifuko vya spora vinaonekana, lakini kwenye lebo niliandika mtaa na tarehe tu. Niliporudi miaka miwili baadaye, ukuta mzima ulikuwa umepigwa plasta. Sikukumbuka tena kama lilitoka kwenye ufa wa chokaa au kwenye tope lililojaa chini ya bomba. Liliniuma sana, kwa sababu kwa kangaga la mjini hilo ndilo jambo la kwanza mtu atakalouliza.

Kangaga halina mbegu. Lina spora, vumbi jepesi linalochukuliwa na upepo hadi mbali. Spora ikitua pazuri huota kijimea bapa chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha, na hapo seli za kiume huogelea kulifuata yai. Pasipo utando wa maji hazifiki. Kwa hiyo nikiingia mtaa nisioujua huanza na majimaji: bomba linalovuja, kiyoyozi kinachodondosha, kingo za mfereji, tumbo la daraja. Kuta kuukuu ndizo tamu zaidi, maana chokaa ya kujengea hunyonya maji na ina madini ya kalisi ambayo makangaga kama Pteris vittata na Adiantum capillus-veneris huyapenda.

Hiyo Pteris vittata ndiyo inayonifanya nisisitize habari ya lebo. Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza kuwa hufyonza aseniki, ambayo ni sumu, udongoni na kuirundika majanini. Waliikuta Florida, Marekani, kwenye ardhi iliyochafuliwa na dawa ya kuhifadhia mbao. Kama mtu angeichuma pale na kuandika “kando ya njia” tu, mmea ungekuwepo kwenye kabati la vielelezo na habari yake ingepotea.

Kuchuma kwenyewe hakuna makuu. Omba ruhusa kwa mwenye ukuta. Geuza jani: Pteris spora zake hufuata ukingo uliokunjwa, Asplenium, kangaga jingine, huzipanga kwa mistari. Chukua jani moja lenye spora, na kipande cha shina la chini endapo mimea ni mingi. Mimea ikiwa miwili mitatu tu, piga picha pande zote mbili za jani uiache. Jani ulilochuma libane kwenye gazeti siku hiyohiyo, kwani hujikunja upesi, na vijani vingine vilaze tumbo juu ili spora zionekane.

Lebo usiingoje nyumbani. Mimi naandika nikiwa bado nimesimama mbele ya mmea, kwa penseli, kwa sababu wino huchuruzika. Ya juzi inasema: “Ufa wa chokaa, ukuta wa matofali unaotazama kaskazini, mita 1.5 kutoka chini, chini ya bomba linalovuja. Mimea sita, miwili ina spora. Sehemu ya kulia ya ukuta imeshaanza kupigwa plasta.”