Joto la mchanga na jinsia ya kasa: niliyoyaona Msimbati

Mkuu, umesema mmekuta kiota cha kasa huko Mchinga, kina wiki mbili sasa, na wenzio wanataka kukihamishia penye jua. Ukauliza pia kama ni kweli mchanga wa moto hutoa majike watupu. Ni kweli. Na kiota hicho msikihamishe, nitakueleza kwa nini.

Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Mtwara mjini, ila kwetu ni Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi. Nimejitolea misimu miwili kulinda viota na vijana wa kijijini. Kiota changu cha kwanza kasa alikuwa ametaga chini mno, maji ya bamvua yangekifikia. Tukakubaliana tuyahamishe mayai usiku uleule: mia na kitu, meupe, ganda laini linabonyea ukilishika. Niliyapanga kwenye ndoo yenye mchanga mbichi tukasubiri kuche. Alfajiri, kwa mazoea ya kuku, nikayageuza moja moja.

Yai la kuku lisipogeuzwa, kiinitete hugandia kwenye ganda na kufa. La kasa ni kinyume chake. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa ganda kwa ndani, na ukiligeuza unakibandua. Baada ya miezi miwili tulifukua, hakuna hata kitoto kimoja kilichokuwa hai. Mayai yalikuwa yamekuwa ya manjano, yananuka. Siku ile sikuweza kula.

Sasa joto. Kuku jinsia yake imeshaamuliwa kabla yai halijatagwa. Mashine ya kutotolesha ikipungua joto utapata vifaranga vilivyochelewa na dhaifu, si majogoo zaidi. Kasa hana kromosomu za kumwamulia. Katika theluthi ya kati ya siku zake mchangani, joto likiwa juu, kimeng'enya kimoja hufanya kazi zaidi na kugeuza homoni za kiume kuwa za kike. Kwenye nyuzi 29 hivi za Selsiasi hutoka nusu kwa nusu. Zikipanda, majike, zikishuka, madume. (Mamba wana mtindo wao: joto la kati ndilo linaloleta madume.) Jambo hili liligunduliwa kwa mjusi, na mtafiti Madeline Charnier, huko Dakar, Senegal, mwaka 1966. Na mwaka 2018 watafiti wa Marekani na Australia walitangaza kwamba kasa wadogo wanaotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, miamba ya matumbawe ya Australia, ni majike kwa asilimia 99. Nilivyoisoma habari hiyo niliogopa.

Msimu wa pili tuliviacha viota viwili pale pale vilipokuwa, vimepishana siku mbili tu. Kimoja kilikuwa chini ya mivinje, kingine kwenye mchanga mtupu. Cha juani kilichomoza siku ya 53, cha kivulini siku ya 61. Ufukwe mmoja, kusi lile lile! Kwa macho huwezi kujua nani dume, maana vitoto vyote vinafanana. Mkia wa dume hurefuka akishakuwa mkubwa, na hiyo ni miaka zaidi ya 20. Lakini tofauti ya siku nane inatosha kukuonyesha kwamba mchanga haukuwa na joto moja.

Kwa hiyo anayekata mivinje ya ufukweni, au anayekusanya viota vyote kwenye uzio mmoja wa juani ili wageni wapige picha, anachagua jinsia bila kujua. Hilo linaniuma sana, kwa sababu wengi wao wana nia njema.

Chenu kina wiki mbili, kiinitete kimeshashika. Msikiguse. Mwambieni afisa uvuvi, wekeni alama, mzuie mbwa na wachimba mayai. Jua likiwa kali sana, simamisheni vijiti vinne na makuti machache juu, yaliyoachana ili hewa ipite, na mvua ikinyesha hakikisheni maji hayatuami, maana mchanga uliojaa maji huwanyima pumzi. Wiki ya saba ondoeni makuti na mzime taa zote za upande wa ufukwe. Watatoka usiku, mchanga ukishapoa, na watafuata upande wenye mwanga, ambao bila taa ni baharini.