Mpapaso wa polepole na neva za ngozi

SWALI: Mama yangu amelazwa hospitalini kwa majuma kadhaa. Nikimpapasa mkono polepole hutulia, lakini muuguzi akimshika kumpima mapigo ya moyo hatulii hivyo. Je, ngozi humtambua anayeigusa, au ni mawazo yake tu?

JIBU: Ngozi haimjui mtu, lakini hutofautisha namna ya kuguswa, na jambo hilo si mawazo tu. Tuna nyuzi nene za neva, zilizovikwa utando wa mafuta, ambazo hupeleka habari kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde na kuujulisha ubongo tumeguswa wapi na kwa nguvu kiasi gani. Anayebonyeza kifundo cha mkono kutafuta mapigo ya moyo huziamsha hizo zaidi. Zipo pia nyuzi nyembamba zisizo na utando, ziitwazo nyuzi za C za mguso, ambazo habari zake husafiri takriban mita 1 tu kwa sekunde. Nyuzi hizo zimeenea kwenye ngozi yenye malaika, kama ile ya mkono kuanzia kifundo kwenda juu, ilhali viganjani ni haba sana.

Watafiti wa Sweden, wakiwemo Åke Vallbo na Håkan Olausson, walipenyeza sindano nyembamba mno katika neva za watu walio macho na kunasa ishara zinazopita humo. Walibaini kwamba nyuzi za C za mguso huitika zaidi kwa mpapaso mwepesi unaokwenda kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, hasa ukiwa na joto la ngozi, yaani kama nyuzijoto 32 za Selsiasi. Mpapaso ukiharakishwa kupita hapo, mwitikio hupungua, na anayepapaswa husema raha nayo imepungua.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulichapishwa mwaka 2002, nao unahusu mwanamke ambaye maradhi yalikuwa yameharibu nyuzi zake nene. Alipopapaswa mkono kwa brashi laini alihisi raha hafifu, ingawa mguso wa kawaida alikuwa ameupoteza, na picha za ubongo wake zilionyesha kuamka kwa insula, sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo wa ubongo na inayohusika na hisia za ndani ya mwili.

Utambuzi wa nani anayegusa hufanyika ubongoni, ambako habari za ngozi huungana na sauti, sura na kumbukumbu. Kwa hiyo mama yako hupokea mpapaso pamoja na mpapasaji. Endelea kumpapasa kwa mwendo huohuo, lakini akiukunja uso au kuuvuta mkono, acha na umwarifu daktari, kwa sababu neva zilizojeruhiwa zinaweza kuugeuza hata mguso mwepesi kuwa maumivu.