Kima wa Makorora na Kanga za Pangani: Maswali Yenu

*Bibi alinihadithia kima aliyemwambia papa kuwa moyo wake kauacha mtini. Mwalimu wa mwanangu anadai hadithi hiyo ni ya Wahindi. Nimwamini nani? (Makorora, Tanga)*

Waamini wote wawili. Hadithi hiyo imo katika Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi cha India, ila kule anayedanganywa ni mamba. Huku pwani kawa papa, na mvuvi yeyote wa Tanga ataelewa kwa nini. Lakini tazama hili. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapa hadithi za Unguja mwaka 1870, na humo kima anamjibu papa kwa kisa cha punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio. Panchatantra nayo ina punda wa dobi, na kima yuleyule ndiye anayemsimulia! Kisa kimoja kingeweza kubuniwa mara mbili. Viwili vilivyobebana hivyo, mimi sikubali.

Watafiti wana orodha ya hadithi za dunia, iliyoanzishwa na Antti Aarne wa Finland mwaka 1910. Kima ana namba 91, punda 52. Wamewatenganisha, jambo ambalo bibi yako asingelifanya.

*Eti "meme" ni zile picha za kuchekesha za WhatsApp tu? (Ngamiani)*

La. Mwanabiolojia Richard Dawkins alilibuni neno hilo mwaka 1976, kabla ya WhatsApp, kwa chochote kinachoenea kwa kuigwa: wimbo, mtindo wa nguo, msemo.

*Shikamoo. Nakusanya majina ya kanga. Niandike nini? (Pangani)*

Marahaba, mwanangu. Andika jina kama lilivyochapwa, hata kama herufi imekosewa. Mimi nilijifanya fundi wa lugha, nikasahihisha daftari zima. Sasa siwezi kujua kosa lipi lilikuwa la kiwandani na lipi langu. Kosa likijirudia kwenye doti mbili, laweza kukuonyesha kuwa moja imenakiliwa kutoka kwa nyingine.

Kisha uliza nani alimpa nani. "Wema hauozi" kutoka kwa mama ni dua. Kutoka kwa mke mwenza, loo, hayo mengine.

*Nikutumie picha za kanga za marehemu shangazi? (Pangani, huyohuyo)*

Tuma. Ila usipige picha ya mji (sehemu ya katikati) na jina tu, ukaliacha pindo la pembeni. Alama ya mchapaji mara nyingi iko huko pembeni.