Bima ya benki inalipa deni. Watoto je?

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tuna mkopo wa nyumba wa miaka 20, tupo mwaka wa 6. Benki ilitukatia bima siku tuliposaini. Sasa nataka tukate na bima ya maisha, mwenzangu hataki: anasema ni kulipia kitu kimoja mara mbili. Tena ana presha, anaamini hatakubaliwa. Tuna watoto watatu. Nani yuko sahihi?*
*Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu. Kabla hamjaendelea kubishana, toeni faili la mkopo mlisome. Mlikatiwa bima gani? Nilikaa miaka 17 kwenye dawati la mikopo, na wengi walioniambia "nyumba yetu ina bima" walikuwa na bima ya moto tu. Hiyo ni ya jengo likiungua. Mtu akifa, haihusiki.

Kama ni bima ya mkopo, ile inayolipa deni mkopaji akifa, tazameni majina. Simsahau baba mmoja aliyekuja na cheti cha kifo cha mkewe. Rejesho la kila mwezi walichangia nusu kwa nusu, ila kwenye fomu ya bima liliandikwa jina la mume peke yake. Hakulipwa kitu. Alirudi nyumbani na deni zima na mshahara mmoja. Fomu ile ilipita mikononi mwangu, na sikuuliza: na mama je? Mpaka leo inaniuma.

Tuseme majina yenu yote mawili yamo. Mmoja akiondoka, fidia inakwenda benki moja kwa moja, deni linafutwa, hati inatoka. Ni jambo kubwa, silidharau. Lakini ada za shule, matibabu na chakula vinabaki kwa aliye hai, na bima hiyo haimpi hata senti. Fidia yenyewe hupungua kadiri salio la mkopo linavyoshuka, ilhali mnachokatwa mara nyingi hakipungui. Hapo ndipo mumeo anapokosea. Angekuwa sahihi kama msingekuwa na mtu anayewategemea.

Wala msidhani deni linashuka haraka. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwenye salio, mkifika mwaka wa 10 bado mnadaiwa karibu asilimia 77 ya mlichokopa! Marejesho ya mwanzo karibu yote yanaliwa na riba.

Kwa hiyo kateni bima ya maisha ya muda maalumu, yenye fidia isiyopungua, idumu hadi mtoto wa mwisho ajitegemee. Kila mmoja awe na yake. Wewe mwandike yeye mnufaika, naye akuandike wewe. Ile ya benki msiiguse. Na siku mkitaka kuhamishia mkopo benki nyingine, ulizeni kwanza, maana mara nyingi bima haihami na mkopo.

Kuhusu presha, mwambie asijifungie mlango mwenyewe. Mtu ambaye presha yake imetulia kwa dawa hukubaliwa mara nyingi, pengine kwa malipo ya juu zaidi. Kinachoharibu ni kuificha: wakati wa madai kampuni huomba rekodi za hospitali, na ikikuta kilichofichwa inaweza kukataa kulipa. Aiandike kwenye fomu, pamoja na tangu lini, na jina la kila dawa anayomeza.