Viza ya Mchumba au Viza ya Mke? Niulize Mimi Niliyekaidi

Juzi dada mmoja wa Morogoro ameniandikia usiku wa manane. Salamu aya mbili, swali mstari mmoja. Mchumba wake ni Mwingereza, wamejuana miaka miwili, na jamaa anataka waombe viza ya mchumba ili dada aje huku Uingereza wafunge ndoa kwenye bustani ya bibi wa jamaa. "Dada, niende na hiyo, au tufunge ndoa nyumbani kwanza niombe ya mke?"

Nilicheka peke yangu jikoni, kisha kicheko kikakatika. Swali hilo hilo niliulizwa na mama yangu mwaka 2022, tukiwa tumekaa kwenye mbuzi tunakuna nazi, Ngamiani, Tanga. Nikamjibu kwa jeuri. Nilimwambia, "Mama, mambo ya viza niachie mimi."

Kwa mliofika leo: mume wangu humu namwita Bwana Chai, kwa sababu mbele yake usijadili jambo lolote kabla hajapata kikombe cha kwanza. Alikuja Pangani kwa kazi ya miezi minne, akakaa saba, na mwaka 2021 akasilimu mbele ya wajomba zangu. Mahari iliafikiwa. Kilichobaki kilikuwa nikaha, tangazo la siku 21 na cheti. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na ya kanisani au ya bomani, ilimradi aliyefungisha ana leseni, na usajili ndio unaokupa cheti. Na Uingereza nao huikubali ndoa iliyo halali kule ilikofungwa. Yaani mimi nilikuwa nimeshikilia njia ya mkato mkononi, nikaitupa.

Kwa nini? Nitasema ukweli kwa sababu wengi mnaonisoma mna ndoto hiyo hiyo na mnaificha. Nilitaka gauni jeupe mbele ya ngome ya mawe. Nilitaka picha. Kulikuwa na mtu hapo Tanga aliyewahi kuniambia sitafika popote, na nilitaka azione hizo picha. Halafu niliona viza ya mchumba ni ya haraka: huna cheti cha ndoa cha kusubiri, unaomba, unapanda ndege. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na hakuna aliyenibishia isipokuwa mama.

Mama hakuzungumza habari za viza. Alisema, "Unakwendaje kukaa nyumbani kwa mwanamume ambaye si mumeo?" Nikaona ni mambo ya kizamani. Mjomba akajitolea kutupatanisha: tufungishwe nikaha kimyakimya sebuleni, mama aridhike, mimi niendelee kuomba kama mchumba, "Waingereza watajuaje?" Hilo nililikataa, na ni jambo pekee la akili nililofanya mwaka ule. Ukishafunga nikaha halali wewe ni mke, na mke haombi viza ya mchumba. Anayejaza fomu kwamba hajaolewa na huku ameolewa amesema uongo, na uongo kwenye fomu ya viza unaweza kukufungia mlango kwa miaka kumi. Nasikia bado watu wanashauriana hivi. Acheni.

Basi tukaomba mwezi Aprili 2022, Dar es Salaam. Kipimo cha TB, alama za vidole, mafaili mawili ya picha na risiti za kutumiana pesa. Kiingereza hakikunisumbua, kwa sababu shahada yangu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifundishwa kwa lugha hiyo; nilichohitaji ni uthibitisho wa Ecctis, shirika la huku linalothibitisha vyeti vya nje. Wewe mwenye shahada usikimbilie kulipia mtihani wa A1, ule wa Kiingereza cha mwanzo, kabla hujaangalia hilo.

Haraka niliyoifuata sikuiona. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza, maofisa wakaelekezwa kwenye maombi ya Waukraine, na muda wa viza za familia ukapanda kutoka wiki 12 hadi 24. Foleni ya mchumba na foleni ya mke ni moja! Hakuna mlango wa haraka wa wachumba. Tarehe 8 Septemba Malkia Elizabeth akafariki, na mjomba, mungu amhifadhi na mdomo wake, akaniambia sasa ningoje mpaka wamalize matanga. Viza ilitoka Oktoba. Novemba nikatua, baridi ikanipokea uwanja wa ndege kabla ya Bwana Chai.

Sasa nikwambie viza ya mchumba ni nini hasa. Ni miezi sita. Ndani yake ufunge ndoa, na ndani yake upeleke ombi jingine, la kubaki kama mke. Kazi hairuhusiwi. Hulipi ada ya afya, ile inayokuruhusu kutibiwa kwenye hospitali za serikali yao, na hapo watu hushangilia, lakini maana yake ni kwamba ukilazwa hospitali bili ni yako. Na ile miezi sita haihesabiwi kwenye miaka mitano ya kuelekea ukaazi wa kudumu. Imepotea hivyo hivyo, kama maji kwenye mchanga.

Mimi Tanga nilikuwa karani wa benki. Nilikuwa na mshahara wangu, nilimlipia mdogo wangu ada, nilinunua vitenge bila kumuuliza mtu. Huku nikakaa tangu Novemba hadi Julai naomba hela ya nauli ya basi. Bwana Chai hakuwahi kuninyima. Lakini kuna siku nilisimama dukani, mkononi nina pakiti ya pedi, nikampigia simu kumwuliza kama kadi ina salio. Siku hiyo sijaisahau, na sidhani kama yeye anaikumbuka.

Ili kumtuliza mama, hadi siku ya ndoa nilikaa kwa wifi yangu, dada yake Bwana Chai, mwanamke mwema mwenye mbwa wawili. Kukaa na mbwa ndani ya nyumba nitaandika siku nyingine.

Ndoa yenyewe. Mnatoa notisi kwa msajili, mnasubiri siku 28, na wakitaka kuwachunguza zinaweza kufika 70. Sisi zilikuwa 28. Mama aliomba viza ya matembezi aje. Aliambatanisha hati ya nyumba, barua ya kikundi chake cha vikoba, mwaliko wetu, kila kitu. Akakataliwa mwezi Desemba. Waliandika kwamba hawakuridhika kuwa atarudi. Mama yangu, ambaye hawezi kulala siku mbili Muheza kwa dada yake bila kuulizia kuku wake, wanasema hatarudi! Alikuwa ameshanunua doti za kanga za kugawa. Harusi aliiona kwenye WhatsApp, simu imeegemezwa kwenye birika, picha ikikwama kila dakika. Mashahidi walikuwa wifi na dada mmoja wa Kisumu niliyekutana naye kwenye foleni ya duka la viungo, tena wiki tatu tu kabla. Mvua ilinyesha. Picha ya ngome ninayo, nimevaa koti la Bwana Chai juu ya gauni, pua nyekundu kama nyanya.

Baada ya hapo imamu wa msikiti wa karibu akatufungisha nikaha. Mkumbuke hili pia, dada zangu: nikaha peke yake ikifungwa Uingereza, bila msajili, kisheria haikufanyi mke wa mtu. Ile ile nikaha ambayo Tanga ingenipa cheti, huku ni dua tu mbele ya sheria yao.

Nilidhani tabu zimeisha. Kumbe mwezi Desemba, katikati ya hayo yote, Bwana Chai alikuwa ameacha kazi ya ghalani akapata ya udereva yenye mshahara mzuri zaidi. Tulishangilia, tukala pilau. Hakuna aliyetuambia kwamba njia rahisi ya kuthibitisha kipato inataka awe na mwajiri mmoja kwa miezi sita kamili kabla ya kuomba. Viza yangu ilikuwa inaisha katikati ya Mei. Tukihesabu, ana miezi mitano.

Kuna njia ya pili: mshahara wa sasa ufike kiwango, na pia alichopokea kweli katika miezi 12 iliyopita kifike kiwango. Wakati ule kiwango kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka. Kwa hiyo tukatafuta salari slipu 12, taarifa za benki za miezi 12 zinazolingana nazo, na barua za waajiri wote wawili. Mwajiri wa zamani alituzungusha wiki nne. Barua ikaja imekosewa jina. Ikarudi. Ikaja tena siku sita kabla ya viza kuisha. Na hapo mshahara wangu usingesaidia hata kama ningekuwa fundi wa dhahabu, kwa sababu sikuruhusiwa kufanya kazi.

Tukawahi kuomba, na tukapata, Julai 2023. Miezi 30 ya kubaki kama mke. Nilianza kazi wiki ya pili ya Agosti, na leo ninapoandika, Oktoba 2025, mimi ndiye ninayepanga hesabu za ofisi nzima mahali ninapofanya kazi. Nasema hilo kwa sababu yule mtu wa Tanga najua anasoma.

Nijifananishe na mwenzangu. Rafiki wa mdogo wangu, mtoto wa Moshi, alifunga ndoa bomani kwao mwaka ule ule, mama yake yupo pembeni, shangazi wanacheza. Akaomba viza ya mke. Alisubiri kama mimi, ila alisubiri akiwa kazini kwake, anapokea mshahara. Alipofika alikuwa na miezi 33 mkononi na ruhusa ya kazi tangu siku ya kwanza. Siku ya tatu yuko kwenye usaili. Saa yake ya miaka mitano ilianza kugonga alipoingia nchini. Yangu ilianza Julai, baada ya miezi minane ya kukaa dirishani.

Na gharama? Chukua viwango vilivyoanza Aprili 2025. Mke anayeomba akiwa nyumbani: pauni 1,938 za ombi, na ada ya afya ya pauni 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa miezi 33 wanakutoza miaka mitatu, pauni 3,105. Jumla 5,043. Mchumba: pauni 1,938 zile zile, kisha akishaolewa 1,321 za ombi la ndani, kisha ada ya afya ya miaka miwili na nusu, 2,587 na nusu. Jumla 5,846 na senti. Umelipa zaidi ya pauni 800 za ziada, umepata muda pungufu unaohesabiwa, na miezi yote hiyo hukuingiza hata shilingi. Hesabu ya namna hii ningeweza kuifanya nyuma ya bahasha mwaka 2022, kwa viwango vya wakati ule. Sikuifanya. Nilikuwa naangalia magauni.

Kwa hiyo, dada wa Morogoro, kama mnaweza kufunga ndoa nyumbani, fungeni nyumbani. Sijali jamaa anasemaje kuhusu bustani ya bibi yake. Viza ya mchumba ina watu wake: wale ambao kufunga ndoa nchini mwao kuna kikwazo cha kweli, au mchumba wa huku hawezi kabisa kusafiri. Wewe una wazazi wazima, yeye ana likizo ya wiki nne. Siku 21 za tangazo zinaenea humo. Na asikudanganye mtu kwa ile viza ya matembezi ya kufungia ndoa; hiyo unafunga ndoa, unapiga picha, unarudi Msamvu na cheti chako kuanza upya.

Lakini kabla hujachagua njia yoyote, uliza mshahara. Najua tunaona aibu. Tunalelewa kwamba binti haulizi pesa, ataonekana amefuata pesa. Uliza! Tangu tarehe 11 Aprili 2024 kiwango ni pauni 29,000 kwa mwaka kwa wanaoanza sasa. Mimi nilianza kabla, nabaki na kile cha zamani, wewe hapana. Kama hana kipato hicho, akiba inayotakiwa badala yake ni pauni 88,500, na mwanamume mwenye hizo benki angekuwa ameshakwambia. Na wewe unayeomba ukiwa Morogoro, mshahara wako wa Tanzania hauhesabiwi hata uwe meneja. Akishakuwa na miezi sita kazini, asihame kazi mpaka viza itoke. Hata akipewa gari. Asihame.

Zungumzeni pia kama huku ndiko mnakotaka. Bwana Chai alikuwa tayari kubaki Pangani, lakini sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamfungulia mlango mke mgeni wa Mtanzania, si mume mgeni. Kaka zetu wanaooa wageni hawajui walivyobahatika. Na ukifika huku ukataka pasipoti yao siku moja, utalazimika kuikabidhi yetu, kwa sababu uraia pacha hatuna. Wenzetu Wakenya walishamaliza jambo hili kwenye katiba yao ya 2010. Yule shahidi wangu wa Kisumu ana zote mbili kwenye mkoba mmoja na hukosi kuonyeshwa.

Na msikilize mama yako. Hawezi kukwambia fomu gani ujaze. Wangu hakujua hata jina la viza, lakini alitaka ndoa ifungwe mahali ambapo yeye anaweza kufika kwa bodaboda, na angesikilizwa, mimi ningekuwa na pauni zangu, miezi minane yangu, na yeye angekuwa amegawa zile kanga. Bado ziko sandukuni. Nilipokwenda mwaka jana alinionyesha, hazijafunguliwa hata moja, akasema zitamfaa mdogo wangu.

Mimi mwezi Desemba naanza kukusanya salari slipu za kuongeza muda, zamu hii za kwangu na za Bwana Chai pamoja, kwa sababu sasa mshahara wangu nao unahesabiwa. Dada, ukishajua anapokea ngapi na ameanza lini kazi aliyonayo, niandikie tena nikwambie mlipofika. Andika tarehe na kiasi tu. Usinitumie picha ya pasipoti kama alivyofanya yule mwenzako wiki jana.